MJADALA: Zawadi ya "aliyeshusha kilo nyingi" kwenye klabu za jogingi Mbeya ifutwe?

Mdau_Uyole
Wadau, klabu inapima watu leo, inawapima tena baada ya miezi 3, aliyeshusha zaidi anapewa zawadi. Mizani haibagui: mafuta, misuli, maji, vyote inaviita kilo. Mtu akishusha asilimia 10 ya uzito, nyonga nayo hupoteza kama asilimia 1 hadi 2 ya madini ya mfupa. Mimi nasema atuzwe aliyeongeza mzigo anaonyanyua. Mizani ibaki stoo.

Kipara_wa_Loleza
Kumbe tangazo la vyuma! Mguu ukipiga lami mfupa unashtuka, unakomaa. Ungesema baiskeli au kuogelea ningekuelewa, huko mwili umebebwa. Wakimbiaji mnawaonea bure.

Mdau_Uyole
Siuzi hata kengele ya baiskeli, mkuu. Jibu hoja.

Binti_Kihesa
Kaka Kipara, nusu yake ni kweli. Mbio zinausaidia mfupa wa mtu anayekula akatosheka. Huyu wa shindano amejinyima, na kila wiki mwili wake unakuwa mwepesi, kwa hiyo kishindo cha hatua nacho kinapungua. Mwanamke hedhi ikikatika hapo, huenda chakula ni kidogo mno. Kuna utafiti wa Marekani walilinganisha mazoezi kwa wazee wenye unene, nadhani wa 2011.

Kokoto
Wa 2011 ni mwingine, dada. Huo wa kulinganisha ni Villareal na wenzake, New England Journal of Medicine, 2017. Watu 160, makundi 4, miezi 6. Makundi matatu yaliyobana chakula yalishuka uzito kama asilimia 9. Madini ya mfupa wa nyonga: waliofanya mazoezi ya pumzi tu (jamii ya mbio na baiskeli) walipoteza asilimia 3, waliochanganya na vyuma 1, wa vyuma peke yake 0.5. Ila kwa utendaji wa mwili, waliochanganya ndio walioongoza. Kwa hiyo mbio zisifutwe.

Kipara_wa_Loleza
Asante Kokoto, umenitetea.

Kokoto
Sijakutetea.

Mama_Ghana
Mnabishana asilimia, mtu wa Ilomba hana gym. Semeni anyanyue nini.

Mdau_Uyole
Shikamoo mama. Madumu mawili ya lita 10 yenye mpini. Ya maji ni kilo 10 kila moja. Ukijaza mchanga mkavu, dumu lilelile linafika kama 16. Siku 2 au 3 kwa wiki, zisifuatane. Kuchuchumaa na kusimama, kunyanyua kutoka chini, kusukuma juu ya kichwa: seti 3, mara 8 hadi 12. Ukimaliza seti na unaona ungeweza kuongeza mara 4, mzigo umekuwa mwepesi, ongeza mchanga. Wengi hukwama hapo, mwaka mzima dumu lilelile na mfupa umeshalizoea. Kosa la pili ni kunyanyua dumu likiwa mbali na miguu, mgongo umepinda kama ndoano. Mwenye mifupa iliyokwisha kuwa dhaifu asiruke wala asiiname na mzigo bila msimamizi.

Binti_Kihesa
Na chakula. Uzito ushuke nusu kilo kwa wiki, usizidi sana. Protini gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya mwili. Kalsiamu miligramu 1,000 kwa siku, mama aliyepita miaka 50 afike 1,200. Glasi ya maziwa ina kama 300. Mchicha una kalsiamu ila mwili hauipati vizuri. Chainizi ni bora. Parachichi la Rungwe ni tamu, kalsiamu karibu hamna. Dagaa ndio mpango, waliwe wazima na vichwa vyao, acheni ulimbwende wa kuvikata.

Kipara_wa_Loleza
Ulimbwende?! Kichwa cha dagaa ni uchungu na mchanga. Iringa mnakula vichwa?

Mama_Ghana
Uchungu ni wa tumbo, baba, si wa kichwa. Usipa wa Kyela, dagaa wa Ziwa Nyasa, hauna neno.

Kokoto
Mama yuko sahihi. Bana tumbo utoe nyongo, kichwa kibaki. Mchanga unatokana na kuanika chini: loweka kwenye maji ya vuguvugu dakika 10, waopoe kwa mkono, usimimine, mchanga unabaki chini ya sufuria. Wenye chumvi nyingi badilisha maji, chumvi ikizidi inatoa kalsiamu kwenye mkojo.

Kipara_wa_Loleza
Basi nisage unga, nichanganye kwenye uji.

Binti_Kihesa
Saga na vichwa.

Kipara_wa_Loleza
Bila vichwa.

Mdau_Uyole
Jamani, zawadi ya kilo je?

Mama_Ghana
Subiri kwanza mwanangu. Kipara, usipa unanunua wapi, Mwanjelwa au Soweto? Maana hao wa mchanga nawajua.