Qatar, Ujerumani, Kanada: kwa akiba ya laki nne na nusu niende wapi?

Kijana wa Kisauni
Salaam wanajamvi. Nina miaka 31, nafanya mapokezi kwenye hoteli moja Nyali, diploma ya hoteli ninayo. Msimu ukilala tunapewa likizo bila malipo, na safari hii imenifika hapa. Akiba yangu ni laki nne na nusu. Mke wangu ni muuguzi mwenye diploma, yuko kwenye zahanati ya kibinafsi Mikindani. Mtoto ana miaka mitatu. Mpango ni nitangulie mimi, nikishasimama niwavute. Kuna ajenti ananiambia Qatar ndani ya wiki sita, anataka 180,000. Binamu yangu anasema Ujerumani. Kanada naiona kwenye video tu. Mngekuwa mimi mngechagua ipi? Nipeni hesabu, maneno ya kutiana moyo ninayo ya kutosha.

Dada Likoni
Kaka, tuanze na hiyo laki na themanini. Kima cha chini cha mshahara Qatar tangu Machi 2021 ni riyali 1,000 kwa mwezi. Mwajiri asipokupa malazi anaongeza 500, asipokulisha anaongeza 300. Riyali 1,000 ni kama shilingi 35,000. Yaani mishahara mitano mizima ya msingi unampa mtu aliyekaa ofisini, na wewe hujapanda hata ndege. Na sheria ya kazi ya Qatar yenyewe inakataza mfanyakazi kutozwa ada ya kuajiriwa. Mwulize ajenti wako hiyo pesa ni ya nini, akupe kwa maandishi, uone atakavyoanza kukohoa.

Mimi nimerudi kutoka Ghuba. Mkataba niliotia sahihi hapa ulisema mapokezi. Niliofunguliwa kule ulisema usafi, mshahara pungufu, na kurasa mbili za Kiarabu ambazo hakuna aliyenisomea. Kilichoniokoa ni kwamba dada yangu alikuwa na picha za ule wa kwanza kwenye simu yake, kila ukurasa, na sahihi zinaonekana. Ukienda, fanya hivyo kabla ya kufika uwanja wa ndege. Na jina la ajenti litafute kwenye orodha ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Lisipokuwepo, kwaheri.

Siwatukani walio Qatar, wapo waliojenga nyumba. Lakini kumvuta mke na mtoto kule kunataka mshahara ulio mara kadhaa ya huo wa mapokezi. Utatuma pesa, hutahamisha familia.

Kaka wa Hannover
Dada amemaliza Qatar, mimi nizungumzie huku. Njia zako wewe ni mbili.

Ya kwanza ni Ausbildung, mafunzo ya kazi huku ukilipwa. Ya hoteli ni miaka mitatu na waajiri wengi wanataka Kijerumani cha B1, ngazi ya kati (lugha hupimwa kuanzia A1 ya chini kabisa, kisha A2, B1, B2). Malipo ya mwanafunzi hukutosha peke yako, ukibana. Familia hutaiweza kwa hayo.

Ya pili ni Chancenkarte, kadi ya kuja kutafuta kazi kwa mwaka mmoja, ilianza Juni 2024. Inakwenda kwa pointi, angalau sita, na inataka A1 ya Kijerumani au B2 ya Kiingereza. Umri wako na diploma vinasaidia. Ila lazima uonyeshe pesa ya kujikimu, zaidi ya yuro elfu moja kwa kila mwezi wa ule mwaka. Zidisha mara kumi na mbili, uigeuze shilingi: imepita milioni moja na nusu. Laki nne na nusu haigusi. Unaweza kuipunguza kwa kazi ya muda ya saa 20 kwa wiki, lakini mkataba wa hiyo kazi uupate ukiwa bado Kisauni, na hapo ndipo wengi wanapokwama.

Sasa yakhe, umeandika jambo moja ukalipita mbio kama matatu ya Mtwapa. Mke wako ni muuguzi! Huku hospitali zinamtafuta mtu kama yeye. Vyeti vyake vitapimwa, ataambiwa pengo liko wapi, atafanya mtihani au kozi ya kuliziba, na kwa kawaida atatakiwa afike B2. Wakati huo wote anaweza kuwa na mkataba na mshahara wa msaidizi. Akishatambuliwa kuwa muuguzi kamili, wewe na mtoto mnaomba kumfuata, na mume wa namna hiyo anaruhusiwa kufanya kazi yoyote. Swali lako uligeuze: atangulie yeye.

Mzee wa Kibokoni
Wanangu, mimi sielewi. Mwanamke avuke bahari, mume abaki akipika uji? Wazee wa bibi harusi watasema nini? Kijana, nenda Muscat. Kule Kiswahili kinazungumzwa, Waomani waliotoka Zanzibar wamejaa, adhana utaisikia, pilau utaipata.

Dada Likoni
Ami, heshima yako iko pale pale. Lakini wasichana wangapi wa Likoni na Majengo wamevuka kwenda kufanya kazi za nyumba Saudia, wakaacha watoto wachanga kwa bibi zao, na hakuna mzee aliyeuliza? Kwa muuguzi mwenye mkataba wa hospitali ndiyo tunakumbuka uji?

Mzee wa Kibokoni
Haya mama. Umenipata.

Nesi wa Leicester
Shemeji, na sisi wa Uingereza tusikike, maana watu wanachanganya milango miwili. Mlango wa walezi wa wazee, ule ambao ajenti wengi Mombasa waliuuza, ulifungwa kwa waombaji wapya wa nje tarehe 22 Julai 2025. Atakayekuuzia leo anakuibia. Mlango wa wauguzi waliosajiliwa bado uko wazi, na muuguzi anaweza kuomba pamoja na mume na mtoto.

Kazi yake ni mitihani. IELTS, mtihani wa Kiingereza, anataka 7 kwa kusoma, kusikiliza na kuzungumza, na 6.5 kwa kuandika. Hiyo ya kuandika ndiyo inayoua watu, aanze nayo. Kisha kuna mtihani wa kompyuta anaoufanya akiwa bado nyumbani, na wa vitendo anaufanya akishafika. Hospitali za umma mara nyingi humlipia muuguzi viza na nauli. Wewe na mtoto mtajigharimia viza zenu. Mkae mkijua pia kwamba serikali inataka kurefusha muda wa kusubiri ukaazi wa kudumu, ambao umekuwa miaka mitano.

Kati ya huku na Ujerumani? Huku lugha anayo tayari. Kule lugha itamla mwaka au zaidi, lakini wakazi wanaruhusiwa kuomba uraia baada ya miaka mitano bila kuacha wa Kenya. Kwa mtoto wa miaka mitatu mimi ningepiga hesabu ya Ujerumani, ingawa nimechelewa mwenyewe, nishazoea mvua hii.

Kijana wa Kisauni
Nimesoma nikanyamaza. Nimempa simu asome mwenyewe, kacheka sana kwa mzee wa Kibokoni. Na Kanada je? Na mimi wakati yeye anasoma nifanye nini, maana hoteli itanilaza tena mwezi wa tano?

Kaka wa Hannover
Kanada kwa mapokezi ifute. Express Entry, njia yao ya kuchagua wahamiaji wenye ujuzi, inapanga kazi kwa madaraja, inapokea 0 hadi 3, na karani wa mapokezi ya hoteli yuko la 4. Kwa muuguzi ni habari nyingine, ila usajili wa kule unakwenda jimbo kwa jimbo na gharama ya kuanzia ni kubwa.

Nahodha Tudor
Kuhusu mwezi wa tano: umewahi kufikiria meli za kitalii? Diploma ya hoteli unayo, kilichobaki ni mafunzo ya msingi ya usalama baharini, na Bandari Maritime Academy iko hapa hapa Mombasa. Kitabu cha baharia kinatoka Mamlaka ya Bahari ya Kenya. Mkataba ni miezi kadhaa, unalala na kula bure. Na Mkataba wa Kazi za Baharini wa 2006 unakataza baharia kutozwa ada ya kutafutiwa kazi. Cheti cha afya, kitabu cha baharia na paspoti ndivyo unavyojilipia. Akija mtu anataka laki, mwoneshe mlango.

Tatizo: mwanao atabaki na nani, mama akiwa darasani jioni?

Kijana wa Kisauni
Mama mkwe yuko Bamburi, hilo lipo. Basi ajenti wa Qatar nimeshamwambia hapana. Laki moja tutaiweka ya kozi ya Kijerumani, anaanza A1 mwezi ujao, na mimi nikae naye nijifunze hiyo hiyo A1.

Kaka wa Hannover
Vizuri, kwa kawaida mume anayefuata huulizwa A1. Mitihani ya Kijerumani ya taasisi ya Goethe inafanyika Nairobi, nafasi zikifunguliwa zinajaa haraka, kwa hiyo msingoje kozi iishe ndipo mtafute tarehe. Na paspoti ya mtoto iombeni sasa kwenye eCitizen, ya kurasa 34 ni 7,500. Cheti chake cha kuzaliwa kiangalieni kwanza: jina lake na majina yenu yafanane herufi kwa herufi na vitambulisho. Kosa la herufi moja litawapeleka kwa msajili wa vizazi mara tatu.