Pikipiki inakata ukivuta mafuta hadi mwisho, nianzie wapi?

MsafiriTukuyu
Habari wakuu. Nina pikipiki ya cc 150 ya kabureta, nimefunga ekzosi ya wazi na filta ya koni. Mbeya mjini inavuta vizuri tu. Nikishuka Kyela kwenye tambarare, gia namba tano, mkono wa mafuta hadi mwisho, inapanda vizuri mpaka mizunguko ya katikati, halafu kwenye mizunguko ya juu inasita, inashika, inasita tena. Nikirudisha mkono kidogo inachanganya, yaani inavuta tena. Fundi kapandisha sindano ya kabureta, sasa mkono ukiwa nusu ni nzito na inatoa moshi, ila kwenye mizunguko ya juu hakuna kilichobadilika. Jeti kuu (kile kitundu cha kupima mafuta ndani ya kabureta) ni 105, ile iliyokuja nayo. Naombeni msaada kabla sijaua pistoni.

FundiSpana
Mkuu, sindano irudi ilipokuwa. Yenyewe inatawala kuanzia kama robo ya mkono hadi robo tatu. Ukivuta hadi mwisho imeshanyanyuka, anayepima mafuta ni jeti kuu. Na hiyo ya kurudisha mkono ikachanganya ni dalili ya mafuta machache. Umeongeza hewa, jeti hukuigusa. Mbeya iko mita 1,700 hivi, hewa nyepesi, tatizo likajificha. Kyela ni kama mita 500: hewa nzito zaidi inaingia, tundu la mafuta ni lile lile.

MzeeWaKabureta
Kwenye sindano nakuunga mkono. Jeti subirini kwanza. Jeti ikiwa ndogo, kwa kawaida injini inalalamika mapema, mara tu mkono unapofika mwisho. Huyu anasema hadi mizunguko ya katikati iko safi. Mimi ningeangalia kama bakuli la kabureta linajaa, maana mizunguko ikipanda linaishiwa haraka. Ikianza kukata simama hapo hapo, fungua mfuniko wa tangi usikilize kama unafyonza hewa. Kisha chomoa mpira wa mafuta, fungua koki: yatiririke mfululizo, yasidondoke. Na kimo cha boya, linalofunga mafuta bakuli likijaa, kipimwe.

MsafiriTukuyu
Nimefanya yote, mzee. Mfuniko haufyonzi, petroli inatiririka, boya liko sawa. Ila nimevuta choki (ile inayozidisha mafuta) kidogo sana mkono ukiwa mwisho, ikapanda hadi juu bila kusita!

MzeeWaKabureta
Basi ni jeti, FundiSpana yuko sahihi. Filta na ekzosi vya zamani vilikuwa vinabana zaidi kwenye mizunguko ya juu, kwa hiyo hewa ya ziada inaonekana huko huko. Weka 110. Kwenye kabureta za Keihin namba hiyo ni kipenyo, kwa hiyo eneo la tundu linaongezeka karibu asilimia 10, si kidogo. Ukikuta 108, anza nayo. Tafadhali usikubali mtu akutobolee ile ya zamani kwa waya, hutajua tena una namba ngapi.

Kupima: plagi mpya, barabara iliyo wazi, namba nne, mkono hadi mwisho. Ukiwa hapo hapo zima swichi na ushike klachi kwa pamoja, usiiache injini ishuke yenyewe. Chomoa plagi utazame kauri chini kabisa, karibu na chuma. Kahawia hafifu, acha hapo. Nyeupe yenye vidoti, ongeza. Masizi, punguza. Usiogope ikila mafuta zaidi kidogo: nguvu kamili inataka hewa kilo 12.5 hadi 13 kwa kilo moja ya petroli, si ile 14.7 ya vitabuni.

FundiSpana
Ukipanda nayo Mbeya plagi itaweka masizi kidogo. Hilo linavumilika. Pistoni ikitoboka Kyela ni injini nzima. Tembea na ile 105 na bisibisi, kama utakaa huko Mbeya muda mrefu irudishe.