Vihisi 12 vya vumbi mtaani, kila kimoja na usomaji wake. Tuamini kipi?

Mchora_Ramani:
Wakuu, wakazi wana vihisi 12 vya vumbi aina ya SDS011, kila kimoja na NodeMCU (bodi ndogo ya kukiendesha) na BME280 (kihisi cha unyevu na joto). Lengo ni kupima PM2.5 (chembe za vumbi zisizozidi mikromita 2.5) kandokando ya barabara na kuomba malori yapunguzwe. Vikiwa meza moja vinatofautiana, na alfajiri usomaji wa vyote unapanda. Tufanye nini kabla ya kuvifunga?

FundiWaya:
Alfajiri ni unyevu. SDS011 haipimi uzito wa vumbi. Inasoma mwanga wa leza unaotawanywa na chembe, kisha inakadiria. Hewa ikiwa na unyevu mwingi chembe hunyonya maji na kuvimba, kihisi kikadhani vumbi limeongezeka. Usomaji wenye unyevu zaidi ya asilimia 70 utieni alama, usitumike bila kusahihishwa. BME280 ikae mbali na NodeMCU, maana joto la bodi hushusha usomaji wa unyevu.

Umeme wa kihisi uwe volti 5. Ukikipa 3.3 feni inazunguka kinyonge. TX (pini ya kutuma data) ya kihisi iende RX (pini ya kupokea) ya bodi. Leza huishi takriban saa 8,000, chini ya mwaka ikiwaka mfululizo, kwa hiyo iwasheni sekunde 20 tu kila dakika 2 na nusu: 15 za mwanzo hewa itulie, 5 za kusoma. Mdomo wa kuvuta hewa utazame chini, na uwe na wavu. Buibui wanaipenda sana ile njia ya hewa.

PimaKwanza:
Kutofautiana kunatibika. Viwekeni bega kwa bega wiki mbili, ikiwezekana kando ya kituo rasmi cha hewa. Linganisheni wastani wa kila saa, mpate kizidishio cha kila kihisi, yaani namba ya kuzidishia usomaji wake ili ulingane na wengine. Kisichofuata mkondo wa wenzake kiacheni kabisa. Rudieni baada ya miezi 6.

Mchora_Ramani:
Kisha tulinganishe na kiwango cha Shirika la Afya Duniani (WHO) cha 2021, mikrogramu 15 kwa mita ya ujazo, wastani wa saa 24?

PimaKwanza:
Kiwango hicho kitaonyesha hewa ni chafu, hakitaonyesha ni malori. PM2.5 husafiri mbali, na masizi mengi ya dizeli ni madogo mno, leza hii haiyaoni. Vihisi 3 viwekeni mbali na barabara. Hoja yenu ni tofauti kati ya huko na barabarani, saa kwa saa. Wakazi wahesabu malori kila dakika 15 katika saa hizo hizo. Ongezeni vijibomba vya kunasa NO2 (gesi ya nitrojeni dioksidi), vikae wiki 2 hadi 4 kisha viende maabara. Gesi hiyo hufuata magari kwa karibu kuliko PM2.5.