Mama anakunywa dawa ya presha akiumwa kichwa tu. Nimwelezeje?

Binti wa Ngamiani
Wadau, habari za jioni. Naombeni mawazo, hasa ninyi mliowahi kuuguza mzazi mwenye presha.

Mama yangu ana miaka 61, anauza vitumbua hapa Tanga. Mwezi uliopita alishikwa na kizunguzungu, tukampeleka kituo cha afya, ikasoma 178/104. Wakamrudisha siku nyingine mbili, namba ya juu haikushuka chini ya 160. Akapewa amlodipini ya miligramu 5, kimoja kila siku, vya mwezi mzima. Foleni ilikuwa ndefu. Maelezo tuliyopata ni "mama punguza chumvi na mawazo", tukaondoka.

Sasa mama anameza siku kichwa kikimgonga. Kisipomgonga anasema amepona. Nikimkumbusha ananijibu, "Dawa hunywa mgonjwa. Mimi mgonjwa gani, naamka saa tisa usiku nawasha moto?" Jirani naye kamwambia dawa za presha ukizianza huachi mpaka kaburini, kwa hiyo bora asizizoee. Amehamia kwenye maji ya kitunguu saumu. Nikisema sana tunakwaruzana, na mama ndiye niliyebaki naye. Nimwambieje anielewe?

Nesi Mstaafu
Pole mwanangu. Nimekaa chumba cha kupimia presha miaka 19 kabla ya kustaafu, na maneno ya mama yako nimeyasikia kwa akina mama wengi mno.

Usimwone mkaidi. Anafuata alichozoea kwenye malaria: unaumwa, unameza dozi, inaisha, umepona. Hakuna aliyemkalisha chini akamwambia presha haiendi hivyo. Wengi hawasikii chochote, hata kichwa hakiwaumi, huku mishipa inakakamaa, moyo unachoka na figo zinaharibika pole pole.

Wafanyabiashara nilikuwa nawaeleza kwa deni. Mama si ana daftari la wanaokula kwa mkopo? Muulize: mtu unayemdai elfu nane, usipomdai wiki hii, deni limefutika? Atakujibu mwenyewe. Presha ndiyo hivyo hivyo. Kidonge cha leo kimelipa ya leo, kesho inadai tena.

La kutoacha usimfiche, wengi hunywa maisha yao yote. Ila si kwamba dawa imemlevya, ni kwamba ugonjwa wenyewe haujaondoka. Mwenye miwani akiivua haoni vizuri, na hatusemi miwani ndiyo iliyomharibu macho.

Lakini kabla hujamweleza hayo, muulize mambo mawili kwa upole. Alipoanza vile vidonge, miguu ilivimba? Amlodipini huwavimbisha baadhi ya watu vifundo vya miguu, nao huacha dawa kimya kimya. Na je, anameza nini kwa ajili ya magoti na mgongo? Mtu anayeinamia moto tangu saa tisa hakosi maumivu. Diklofenaki na ibuprofeni hupandisha presha. Muulize, hesabu na vidonge vilivyobaki, halafu urudi hapa.

Mvuvi wa Kilifi
Dada, mimi nina miaka 54. Niliambiwa 190/110 na siku hiyo nilikuwa mzima, nimetoka kucheza bao. Dawa nikaziacha. Asubuhi moja nimeshika kikombe cha chai, kikaniponyoka, mke wangu akaniambia mdomo umeenda upande. Kiharusi. Sasa hivi natembea, ila mkono wa kulia hauwezi kufunga kifungo cha shati, hunifunga mke wangu. Msomee mama haya.

Na ukimwona mtu mdomo umepinda, mkono umelegea au maneno yanamkwama, hospitali saa hiyo hiyo. Msimwekee kidonge cha presha chini ya ulimi mkakaa kusubiri.

Binti wa Ngamiani
Kaka, nimemsomea mara mbili. Pole sana.

Mama nesi, shikamoo. Nimehesabu: alipewa 30, siku 24 zimepita, vimebaki 20. Nilipomuuliza kuhusu miguu alinyamaza, akawa anapangusa sufuria lililokwisha kuwa safi. Kisha akasema wiki ya kwanza alimeza kila siku, miguu ikavimba mpaka kamba za ndala zikamwacha alama. Alidhani figo zimekufa. "Nikaona nikisema, mtauza kiwanja mnitibu." Akaacha, uvimbe ukashuka, akanyamaza nalo.

Na diklofenaki ipo. Anaifunga kwenye pindo la khanga pamoja na chenji, viwili kila jioni, anainunua duka la dawa.

Nesi Mstaafu
Marahaba mwanangu. Unaona sasa, hakuwa anabishana nawe. Alikuwa anaogopa.

Mrudishe kliniki na kila anachomeza kwenye mfuko mmoja, hata hicho cha pindoni. Waambieni habari ya miguu na ya magoti. Dawa za presha ziko za aina nyingi, hii ikimsumbua kuna nyingine. Diklofenaki aiache, aulize kama parasetamoli itamtosha. Ombeni wampime damu na mkojo waangalie figo, ili ajue ukweli badala ya kuubuni usiku peke yake.

Mkipata mashine ya mkono, apime mwenyewe. Asipime akitoka kubeba ndoo. Aende haja ndogo kwanza, akae dakika 5 bila kuongea, mgongo umeegemea, miguu chini bila kukunja nne, mkono juu ya meza usawa wa moyo, kitambaa kifungwe kwenye ngozi, si juu ya gauni. Mara mbili, apishe dakika moja, aandike zote. Nyumbani tunataka ishuke chini ya 135/85.

Chumvi ya siku nzima isifike gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai, na humo hesabu kiungo cha mchuzi cha pakiti na ng'onda, yaani samaki wa kukaushwa kwa chumvi. Watu wa pwani ng'onda inatumaliza. Kitunguu saumu atie kwenye mchuzi, hakina ubaya, ila kisikae mahali pa dawa.

Binti wa Ngamiani
Tumerudi. Daktari amembadilishia, sasa ni losartani. Figo ziko salama, na mama alipoambiwa alikaa kwenye benchi la nje akalia kidogo. Mashine tumeazima kwa shangazi. Ameandika mwenyewe nyuma ya daftari la mikopo: Jumanne 158/94, Jumatano 151/92.

Swali moja: mkono wa kulia unasoma juu kuliko wa kushoto. Tufuate upi?

Nesi Mstaafu
Unaosoma juu, na uwe huo huo kila siku. Mpe salamu zangu.