Wauza mashine za kufyekea majani, hizi namba za cc (ujazo wa silinda ya injini) mnazitoa wapi?

Wakuu salaam. Leo nina hasira, asiyependa kelele apite tu.

Nina eneo karibu ekari mbili huku Kibaha. Juu ni ukoka na miembe, chini bondeni ni mabingobingo, na masika yakikolea yanampita mtu urefu. Slasha huko ni kujitesa. Nikaingia Kariakoo kutafuta mashine ya petroli, na kila duka wimbo ni huohuo: "Bosi, beba hii 62cc, inafyeka mpaka miti." Ukimuuliza inatumia oili gani, anamwita mwenzake.

Nikabeba hiyo 62cc, kwa bei iliyoizidi ile ya 52cc iliyokaa pembeni yake. Ukoka ilimaliza vizuri. Kwenye mabingobingo ikawa inakohoa na kuzimika. Fundi akafungua silinda, akapima: kipenyo milimita 44, mwendo wa pistoni milimita 34. Pigeni wenyewe hesabu kwa sentimita, kipenyo mara kipenyo, mara 0.785 (robo ya pai), mara mwendo: 4.4 × 4.4 × 0.785 × 3.4. Inakuja 51.7. Yaani ni ileile 52cc, wamebadilisha stika! Nimerudi dukani, jamaa ananijibu bila hata kupepesa macho, "Hizo namba zinatoka kiwandani, bosi." Na garanti ya mwaka aliyoniahidi? Eti imekufa, mashine tayari imefunguliwa na fundi wa nje.

Na hizo cc zenyewe si kila kitu. Stihl FS 250 ya Mjerumani ina 40.2cc tu na inatoa nguvu ya kilowati 1.6. Ila angalieni sana, rangi zake za chungwa na nyeupe siku hizi inapakwa kwenye kila takataka.

Kilichonichefua zaidi ni mama mmoja niliyemkuta pale pale dukani. Anaambiwa aweke petroli tupu kwa sababu "hii ni ya kisasa". Mashine ni 2-stroke! Haina sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, kilainishi chake chote kinapita kwenye petroli. Ukiweka tupu, pistoni inakwaruza silinda na mashine inanoki, kisha unaambiwa hukujua kuitumia. Kama kitabu chake kinasema 25:1, ni mililita 40 za oili ya 2T kwa lita moja ya petroli. Kikisema 50:1, ni mililita 20. Nilimweleza mama wa watu, muuzaji akanikata jicho kama nimemwibia.

Halafu boksi langu halikuwa na kava la kukinga mawe. Kisu cha meno matatu kipo, mkanda wa begani upo, kava hakuna. "Hilo linauzwa peke yake." Kisu cha chuma kinazunguka mbele ya miguu ya kijana wangu wa shamba, kinga yake niinunue peke yake? Hamna aibu nyie.

Na zile zenye bomba lililopinda acheni kuwauzia watu wenye mapori. Ndani yake mna waya unaojikunja tu, zimetengenezwa kwa kamba ya nailoni na nyasi laini za kuzunguka nyumba. Mwenye vichaka anahitaji bomba lililonyooka, lenye fito ngumu ndani na giaboksi inayobeba kisu. Muuzaji anayajua haya, au basi auze sufuria.

Risiti ya EFD ninayo, stika nimeipiga picha, na vipimo vya fundi nimeviandika. Aliyewahi kupeleka kesi ya namna hii Tume ya Ushindani aniambie alianzia wapi. Na mwenye 4-stroke, zile zisizochanganywa oili, aseme ukweli: kwenye mabingobingo mabichi inahimili? Uzito wake begani je? Vipuri vyake vinapatikana hapa mjini, au ndiyo mpaka viagizwe?