Tupeane uzoefu: malaria iliyokulaza ulipodhani mwili umeshaizoea

Mzawa wa Masasi
Utotoni homa ilinipita kama mafua: nikimeza dawa leo, kesho niko shambani. Kisha nikaenda kufanya kazi Makete, kwenye baridi, nikakaa miaka sita bila malaria. Mwaka jana nilirudi kuokota korosho za marehemu baba, na wiki ya tatu haikuisha kabla sijalala mkekani chini ya mkorosho, saa saba mchana, nimejifunika blanketi na kanga mbili huku meno yakigongana. Kinga niliyoijenga tangu utotoni ilikuwa imefifia kwa kukosa kukutana na adui wake. Nani mwingine alirudi nyumbani akapokewa hivyo?

Mwana Mikindani
Yalinikuta hayo hayo nilipotoka Lushoto.

Mama wa Tandahimba
Ndugu zangu, aliyeumwa si mimi, ni mwanangu wa kwanza, akiwa na miezi kumi na minne. Alipokuwa mchanga hakuugua, nami nikaamini ana damu ngumu, kumbe ilikuwa kinga niliyompa tumboni, ambayo huisha baada ya miezi michache. Homa ilianza Jumatatu, ikashuka, Jumatano ikarudi. Usiku huo macho yaligeuka, mikono ikakakamaa, na mama mkwe akasema hilo ni degedege, akichomwa sindano atakufa. Mume wangu alikuwa safarini. Nilimfunga mtoto kifuani kwa kanga, nikampigia kijana wa bodaboda, na njia nzima nilikuwa nikisikiliza kama bado anapumua. Tulipofika kwenye taa niliona viganja vyake vimekuwa vyeupe kama unga wa muhogo. Aliongezewa damu. Daktari aliushika mkono wangu akauweka chini ya mbavu zake za kushoto, nikaligusa bandama, gumu kama embe bichi. Alinieleza kwamba bandama ndilo linalochuja chembe nyekundu zilizovamiwa, lakini kimelea cha malaria huzifanya chembe hizo zinate kwenye kuta za mishipa midogo, hata ya ubongo, zisipite kwenye bandama zikaharibiwa.

Binti wa Kilwa Kivinje
Nimesoma huku machozi yakinitoka. Pole sana, dada.

Mkulima wa Nachingwea
Pole, mama. Hata hivyo nauliza kwa dhati: je, vyandarua havitudhoofishi? Wazee wetu waliumwa na mbu kila usiku, miili yao ikaizoea.

Muuguzi mstaafu, Lindi
Kaka, unaowahesabu ni wazee waliopona, lakini makaburi ya wadogo zao hujayahesabu. Kimelea hiki kina jeni takriban 60 za kubadilisha protini anayoiweka juu ya chembe nyekundu. Mwili ukishatengeneza kingamwili za vazi moja, yeye ameshavaa jingine. Ndiyo maana kinga huja polepole, baada ya kuugua mara nyingi, na haifuti vimelea vyote: mtu mzima anaweza kuwa navyo damuni bila homa, mbu akavichukua kwake na kumpelekea mtoto. Chanjo mbili ambazo Shirika la Afya Duniani lilizipendekeza mwaka 2021 na 2023 huufundisha mwili kumkabili kimelea mapema, kabla hajajificha kwenye ini.

Mkulima wa Nachingwea
Sikusema chandarua kitupwe. Nimeuliza tu.

Binti wa Kilwa Kivinje
Mimi nina mimba ya kwanza, na kliniki wamenisisitizia vidonge vya SP, vya kukinga malaria.

Muuguzi mstaafu, Lindi
Usiviache, mwanangu. Kondo la nyuma humpa kimelea mahali papya pa kunata, ambapo mwili wako haujawahi kupapigania; mimba zinazofuata huwa na kinga zaidi.

Mwana Mikindani
Kwetu tunachemsha mwarobaini.

Muuguzi mstaafu, Lindi
Pimeni kwanza, kisha mmalize dozi ya dawa mseto ya malaria, hata homa ikishuka siku ya pili.

Mzawa wa Masasi
Dada wa Tandahimba, mtoto anaendeleaje?

Mama wa Tandahimba
Yuko darasa la pili. Akipata joto kidogo tu, kabla sijatafuta nauli ya kwenda kupima, mkono wangu huwa umeshafika chini ya mbavu zake za kushoto.