Moto wa kambi usiohitaji kuchochewa kila dakika: tunakwenda Lushoto

Kigoda
Wakuu habari. Ijumaa tunapandisha Lushoto kutokea Tanga, watu wanne, tunapiga hema usiku mmoja upande wa Irente. Julai baridi ya kule si mchezo. Nataka moto wa kuota na kupiga soga tu, chakula tutabeba. Kero ya moto wa kambi ni kwamba lazima mmoja wetu awe mtumwa wake: apulize, achochee, moshi umfuate kila anapohamia. Kuna namna ya kuupanga ukatulia? Kuni tutanunua huko huko.

Mafiga_Matatu
Mkuu, usisimamishe kuni kama paa la msonge. Zinashika zote kwa mpigo, nusu saa umebaki na majivu. Fuata mtindo wa jikoni kwa bibi: kuni haikatwi, inasukumwa.

Tafuta magogo manne au matano, urefu wa mita moja na ushee, unene wa muundi. Yalaze chini, vichwa vikutane katikati kama spoku za baiskeli, ila viachane vidole viwili ili hewa ipite. Washa hapo katikati. Kila baada ya dakika 20 hadi 30 sukuma kila gogo kwa mguu, nusu shibiri inatosha. Ukisukuma zaidi unaziba hewa na moshi ndio huo. Mkitaka kulala, yavuteni nyuma. Moto unafifia wenyewe.

Kuni: ulizia miwati iliyokauka. Mkaratusi mkavu nao unawaka vizuri, ila unarusha cheche, hema likae mbali na lisiwe upande upepo unakoelekea. Msindano una utomvu: mzuri wa kuwashia, ukiukalia usiku kucha ni masizi matupu. Kabla ya kulipa gonganisha vipande viwili. Kuni kavu inalia "ko!", mbichi inatoa sauti butu, na haina nyufa kwenye kichwa.

Kifuu
Unatoka Tanga halafu uhangaike kuwasha moto? Beba vifuu sita na makumbi makavu. Pakaza vaselini kwenye pamba, donge la ukubwa wa ndimu, uliweke katikati ya magogo. Juu yake egemeza vifuu viwili, mdomo chini, ukingo mmoja umenyanyuliwa na kijiwe. Zungushia nyuzi za makumbi na vijiti vya msindano. Kiberiti kimoja. Kifuu kikishika kinaacha kaa kali, na kaa hilo ndilo linaloshikisha magogo. Kuni nyingi za kambini zinagoma kwa sababu vijiti huisha kabla gogo halijapata moto.

Petroli hapana kabisa. Mafuta ya taa usiyamimine kwenye makaa: yanageuka mvuke kwanza, kisha unalipuka usoni.

Juu_Chini
Mtindo wa spoku ni mzuri ila bado unasukuma. Asiyetaka kunyanyuka ajenge kichanja: magogo manne manene chini, yamebanana, juu yake membamba kwa kukingama, kisha vijiti, kileleni ile pamba ya Kifuu. Unawasha juu. Moto unashuka polepole, na moshi wa kuni za chini unapita kwenye ndimi za moto unaungua, kwa hiyo macho yanapona. Kuni zikiwa kavu unakaa saa moja na nusu hadi mbili bila kugusa kitu. Zikiwa na unyevu hata kidogo unazimikia katikati, na hapo hakuna cha kurekebisha, unabomoa uanze upya.

Kigoda
Asanteni sana. Na ardhi ikiwa imelowa?

Mafiga_Matatu
Tandika kwanza safu ya fito kavu, uwashe juu yake. Usichukue mawe ya mtoni kuzungushia: maji yaliyomo ndani yakichemka jiwe linapasuka na kurusha vipande. Fagia majani makavu mita moja na nusu kuzunguka, hasa chini ya misindano, maana moto hutambaa chini ya majani bila kuonekana.

Kuzima ni dumu la lita 10, mimina, koroga kwa kijiti, mimina tena, mpaka kiganja kikikaribia kisihisi joto. Usifukie kwa udongo, makaa yanabaki hai chini hadi asubuhi na mtoto akikanyaga ni balaa. Na hata baridi izidi vipi, makaa yasiingie hemani, hata kwenye karai. Hewa yake inaua na haina harufu.

Kifuu
Kiganja hicho kitangulize mgongo wake, siyo upande wa vidole.